Wadogo zangu wa simulesheni, kwanza nendeni mkasimame mlangoni

Juzi nimekaa kwenye prezentesheni ya intaani wetu mmoja, modeli ya idara ya dharura, yaani hospitali ya kuigiza kwenye kompyuta, katuni zinatembea safi, triaji (pale wagonjwa wanapopangwa kwa uzito wa hali yao) kule, machela huku, halafu slaidi ya mwisho "ongeza daktari mmoja usiku". Tumbo likanikata aisee. Slaidi hiyo hiyo niliwahi kuitengeneza mimi. Basi ngoja niseme leo, msije mkasema hamkuambiwa.

1. Wekeni womapu, yaani acheni modeli itembee kwanza ijae wagonjwa ndo muanze kuhesabu. Dharura gani mmewahi kuiona ipo tupu saa sita kamili usiku?

2. Run mara 30 kwa sidi tofauti (ile namba inayoanzisha bahati nasibu ya modeli), sio umerun mara moja imetoka vizuri unakimbilia kwa bosi.

3. Msiamini muda ulioko kwenye sistimu. Hapa ndo nilipoumbuka. Nilipewa data ya miezi mitatu ya hospitali moja, kila mgonjwa ana muda wa kusajiliwa na muda wa kuonwa na daktari, nikatoa huu kwenye ule, nikafiti lognomo (mchoro wa takwimu wenye mkia mrefu kulia), ikakaa vizuri mpaka nikapiga skrinshoti. Modeli ikasema wa usiku wanasubiri daktari masaa manne. Nikashauri daktari mmoja wa mchana ahamie usiku, na menejimenti, kwa vile walipenda zile katuni, wakakubali. Wiki ya kwanza tu foleni ya mchana ikatoka nje mpaka kwenye kivuli cha ambulensi, na usiku hakuna kilichobadilika. Hakuna kabisa!

Sista inchaji akanipigia, akaniambia baba njoo saa nane usiku, na laptopu yako iache nyumbani. Nikaenda. Daktari anamwona mgonjwa dakika chache tu baada ya triaji, ila haandiki kwenye kompyuta, anaandika kwenye plasta aliyoibandika kwenye paja la skrabu, namba ya kitanda, presha, dawa. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kukabidhi zamu, anabandua plasta anakaa kuingiza wagonjwa wote kwa mpigo. Kumbe mimi miezi yote hiyo nilikuwa nafanyia utafiti muda wa kutaipu.

Halafu Sista akanionyesha machela za korido, akasema hesabu. Kumi na moja, wote wameshaonwa, wameshaandikiwa kulazwa, wanasubiri kitanda wodini. Na kule juu vitanda haviachiwi mpaka raundi iishe, ndugu wahangaike na bili, tayari ni mchana. Kwenye modeli yangu wodi ilikuwa na vitanda visivyoisha kwa sababu, nilijiambia, "wodi iko nje ya skopu". Ningeongeza madaktari hata kumi, wale kumi na moja wangebaki palepale.

4. Wagonjwa wanaoingia muwagawe kwa saa na kwa siku, Jumatatu asubuhi sio Jumapili alfajiri.

5. Mkiambiwa mpunguze muda daktari "anaokaa bure", kataeni kwa adabu. Chukua foleni ya M/M/1, ile rahisi kuliko zote, wagonjwa wanafika kwa kubahatisha, muda wa kuhudumiwa nao wa kubahatisha, daktari mmoja, wastani dakika 10 kwa mgonjwa. Akiwa bize asilimia 80 mtu anasubiri wastani dakika 40, asilimia 90 inakuwa 90, asilimia 95 inaruka mpaka 190. Muonyesheni mhasibu hiyo, mimi ilinisaidia kuliko katuni zote.

6. Sheria ya Little, ya tangu 1961, inafanyika hata nyuma ya risiti: wakiingia 6 kwa saa na kila mmoja anakaa masaa 4, ndani wapo 24. Modeli ikikwambia 10 kuna kitu umekosea, usianze kubishana.

7. Chai ya manesi usiikatae. Taarifa zote za maana nilizipatia pale, pamoja na ile kwamba kuna kitanda kimoja kila siku kipo kwenye listi lakini mguu wake umevunjika tangu zamani.

Daktari alirudishwa mchana, niliomba radhi kwenye kikao mbele ya watu wote na kazi tukaianza upya tukiwa na wodi ndani. Sista bado nakutana naye, na jina langu nadhani hajawahi kulijua. Ananiita Katuni.