Subira ya kahawa: pa kungoja na pa kukimbia

Mleta mada unauliza kama kumwambia mtu "subira yavuta heri" si kumfundisha uvivu tu. Nenda kihambani, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, Kibosho au Machame huko Kilimanjaro, msimu wa kahawa. Kuna mahali utangoja, na kuna mahali ukingoja umeharibu. (Ile miaka mitatu ya mche mpaka uzae siihesabu, haina ujanja.)

Matunda hayaivi pamoja. Mti uleule unarudiwa kila baada ya siku 10 hadi 14, unachuma mekundu tu. Mwenye haraka anakwangua tawi zima. Mabichi hayamenyeki vizuri, punje zinakatika mashineni na kahawa inakuwa na ladha ya majani.

Yakishachumwa, menya siku hiyohiyo. Yakilala kwenye gunia yanapata joto na kuanza kuchacha, na harufu hiyo haitoki hata uoshe vipi.

Kwenye kuchachusha, yaani kuziacha punje zilizomenywa mpaka utelezi wake ulegee, ndipo wengi wanapokosea, maana wanatazama saa badala ya kahawa. Ukanda wa chini wenye joto siku moja inaweza kutosha. Juu kwenye baridi ni siku mbili, pengine zaidi. Chota kiganja, suuza, sugua. Ikiteleza kama bamia, bado. Ikikwaruza kama changarawe, na kijiti ulichochomeka kwenye rundo kikiacha tundu wazi, osha sasa hivi, hata kama ni saa tisa usiku. Wanaoiacha "ikolee" wanaishia na harufu ya siki.

Kuanika ndiko kwenye kishawishi. Jua la saa saba linawaka, mtu anataka amalize kwa siku nne. Tandaza kwenye meza ya wavu, unene usizidi sentimita 3 au 4, geuza mara kwa mara. Siku za mwanzo funika wakati wa lile jua kali la mchana, na kila jioni funika kabla ya umande. Ikikaushwa kwa pupa ganda linapasuka, nje kavu, ndani bado ina maji. Ikifika ghalani inavunda. Wiki mbili ni kawaida, mawingu yakitanda ongeza. Unyevu unaotakiwa ni kama asilimia 11 au 12. Huna kipimo? Ambua punje chache uzing'ate: jino likizama, rudisha mezani.

Gunia liweke juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali zaidi na dumu la mafuta ya taa. Kahawa hunyonya harufu kuliko unavyodhani.