Jibu: Betri ya pesimeka ya mama mwenye miaka 91

Pole sana kwa kuuguza, ndugu. Unauliza kama betri ya pesimeka (kifaa kidogo kinachowekwa kifuani kuuchochea moyo upige) ya mama, ambaye haamki tena kitandani, ibadilishwe au iachwe.

Kwanza mwulizeni daktari iwapo moyo wake unakitegemea kifaa hicho kwa kila pigo au unasaidiwa mara chache tu, kwa kuwa jibu hilo ndilo lililotuongoza tulipomuuguza baba. Wake ulikitegemea, na kwa vile kubadilisha betri ni upasuaji mdogo wa ganzi ya sehemu, tulikubali, maana bila kifaa angezimiazimia na kuishiwa pumzi, mateso ambayo hatukutaka ayapate. Msihofu kwamba kitamzuia kufa kwa amani: moyo uliochoka kabisa hauitiki tena hata ukichochewa. (Kifaa cha kuushtua moyo ni kingine, na sehemu yake ya kushtua huweza kuzimwa.)

Baadaye kazi kubwa ilikuwa ngozi. Kila asubuhi nilikikagua kidonda chini ya mtulinga, nikitafuta wekundu, uvimbe au majimaji, na tulimgeuza kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulala.

Mama akiwa bado anaelewa, tafadhali aulizwe yeye kabla ya ninyi watoto kukaa kikao.