Jinsi Ninavyotafuta Tiketi ya Ndege ya Bei Nafuu Mtandaoni Nikitokea Dar es Salaam

Ndugu na majirani wanapopanga safari ya ndege, swali wanaloniletea ni lile lile: ni tovuti gani inauza tiketi kwa bei ya chini? Nimekuwa nikiwakatia tiketi watu wa nyumbani kwa miaka mingi sasa, kuanzia mama aliyekwenda Mumbai kwa matibabu hadi mdogo wangu anayesoma Istanbul na shemeji yangu wa Kariakoo ambaye hufuata mzigo Guangzhou, China, na jibu ninalowapa huwa haliwafurahishi. Tovuti haziachani sana kwa bei. Kinacholeta tofauti kubwa ni tarehe. Anayekuja na siku moja tu ambayo ameshaiamua, akitaka nimtafutie bei nzuri ndani ya siku hiyo hiyo, ameshanifunga mikono kabla sijawasha kompyuta, ilhali anayeniambia kwamba anaweza kuondoka wakati wowote kati ya wiki ya kwanza na ya tatu ya mwezi fulani, mara nyingi sikosi cha kumpatia.

Kwa hiyo kazi yangu huanzia kwenye kalenda. Ninafungua Google Flights, tovuti ya kulinganisha nauli, ninaandika DAR mahali pa kuanzia safari na CAN, yaani Guangzhou, mahali pa kufikia, kisha kabla ya kuchagua siku yoyote ninabofya sehemu ya tarehe na kusubiri kidogo. Chini ya kila siku ya mwezi hujitokeza bei yake, na zile za chini huonyeshwa kwa rangi ya kijani. Skyscanner nayo ina njia inayofanana na hiyo, ambapo badala ya tarehe unachagua mwezi mzima. Hapo utaona kwamba ndege ya Jumanne au Jumatano mara nyingi ni nafuu kuliko ya Ijumaa au Jumapili, na kwamba kusogeza siku ya kurudi mbele kidogo kunaweza kupunguza nauli kuliko punguzo lolote linalotangazwa. Yale maneno yanayosambaa kwamba tiketi inunuliwe Jumanne usiku siyaamini. Siku yenye uzito ni ya kusafiri, si ya kununua.

Kalenda yetu ina misimu yake, na mitambo ya mashirika inaijua vizuri kuliko sisi. Desemba, Wachaga wanaporudi Moshi kwa ajili ya Krismasi, viti vya kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hugombaniwa sawasawa na vile vya mabasi. Julai na Agosti watalii wanakuja kwa wingi, na wakati huo huo ndugu zetu walioko Ulaya wanapata likizo ya shule za watoto, kwa hiyo makundi hayo mawili yanawania viti vile vile. Aprili na Mei, masika yanapokuwa yamekolea, hali hugeuka, na anayetoka London au Stockholm kuja kuwaona wazazi, kama hana watoto wa shule, atapata nafuu kubwa katika miezi hiyo akivumilia matope. Njia ya Guangzhou ina mambo yake: maonyesho makubwa ya biashara ya Canton Fair hufanyika kila mwaka kuanzia Aprili na tena kuanzia Oktoba, na wafanyabiashara wa Afrika nzima huelekea huko kwa pamoja. Shemeji yangu haendi kwa ajili ya maonyesho bali kwa wenye maduka anaowafahamu tayari, hivyo siku hizi husafiri mwezi wa sita, watu wakishatawanyika.

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui ni namna viti vinavyouzwa. Viti vya daraja la kawaida katika ndege moja havina bei moja. Shirika huvigawa katika mafungu, kila fungu na herufi yake, bei yake na masharti yake, na fungu la chini likiisha, mfumo huhamia kwenye linalofuata, kama muuza nyanya aliyemaliza mafungu madogo akabaki na makubwa peke yake. Ndiyo maana abiria wawili wanaokaa siti zinazopakana, wakala chakula kile kile, wanaweza kuwa wamelipa nauli zilizoachana sana.

Ukishalielewa hilo, utaelewa pia kwa nini familia hulipishwa zaidi bila kujua. Tuseme fungu la chini limebakiza viti viwili nanyi mko wanne. Ukiandika abiria wanne kwa mara moja, mifumo mingi hutafuta fungu lenye viti vinne kwa pamoja, na nyote wanne mtapangiwa bei ya juu. Mimi hutafuta kwanza kwa abiria mmoja, halafu wawili, halafu wote. Bei ya kila mtu ikipanda katikati ya hesabu hiyo, najua kwamba fungu la chini halitoshi, na hapo ninaweza kukata tiketi mbili kwa bei ya chini na mbili kwa bei ya juu. Ubaya wake ni kwamba mnakuwa na nafasi zilizohifadhiwa kwa namba mbili tofauti, na ndege ikifutwa shirika halilazimiki kuwapanga pamoja. Kwa watu wazima sioni tatizo, lakini kwa mama mwenye watoto wadogo nisingependekeza.

Mafungu hayo hayo ndiyo yanayoeleza ile imani kwamba tovuti ikikutambua inakupandishia bei, na kwamba dawa yake ni kufungua ukurasa wa siri wa kivinjari (incognito). Kufungua ukurasa wa siri hakuna madhara, lakini mara zote nilipolinganisha kwenye simu mbili, bei ilikuwa moja. Kinachotokea ni kwamba tovuti za kulinganisha huonyesha bei zilizohifadhiwa muda kidogo uliopita. Unapobofya ili kulipa, bei halisi huitwa upya kutoka kwenye shirika, na kama kiti cha mwisho cha fungu la chini kimeshachukuliwa, unaona nauli imepanda machoni pako.

Kuhusu muda wa kununua, kwa safari za nje huanza kuangalia miezi mitatu au minne kabla, na ninaweka arifa ili bei inapobadilika niletewe barua pepe. Arifa hizo zina faida kuliko kuangalia kila siku, kwa sababu baada ya majuma machache unakuwa umejua bei ya kawaida ya njia hiyo, na bila kuijua huwezi kutambua ipi ni nafuu. Bei ikishuka chini ya kiwango hicho, nanunua siku hiyo hiyo na sisubiri ishuke zaidi.

Wanaoikumbuka fastjet, shirika la ndege la nauli nafuu lililoanza safari zake nchini mwaka 2012, wanakumbuka jinsi nauli ya Mwanza ilivyokuwa ndogo ukiikata mapema, na jinsi begi la kukabidhi lilivyolipiwa peke yake. Mtindo huo wa kutenga begi na nauli umeenea hadi kwa mashirika makubwa, na ndipo bei ya kwanza unayoiona inapoweza kukupotosha. Nichukue mfano wa kubuni: tiketi moja ya Guangzhou ni dola 620 pamoja na begi moja la kilo 23, na nyingine ni dola 690 pamoja na mabegi mawili ya kilo hizo hizo. Tovuti itaiweka ile ya kwanza juu kabisa ya orodha. Ikiwa begi la pili linatozwa dola 150, mfanyabiashara anayerudi na mabegi mawili atakuwa amelipa dola 770 kwa tiketi iliyoitwa nafuu. Shemeji yangu, ambaye kwake safari nzima ni kilo, hanitaki nimtajie nauli kabla ya kumtajia mzigo, na namwona ana busara. Kwa mwanafunzi anayekwenda na begi la mgongoni hesabu inageuka, na tiketi isiyo na begi inaweza kumfaa.

Baada ya mzigo ninaangalia kituo cha kubadilishia ndege. Tovuti nyingine huunganisha tiketi mbili za mashirika yasiyo na mkataba wowote baina yao, zikakuletea bei ya chini sana. Lakini hapo kila tiketi inasimama peke yake, unachukua begi lako mwenyewe, unapita uhamiaji na kuanza upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili haliwajibiki kwako. Mtanzania anaweza kufanya hivyo Nairobi, kwa kuwa haingii Kenya kwa viza, mradi aache saa za kutosha. Dubai itambidi awe na viza ya kuingilia. Hata kwa tiketi moja, kupita tu kunaweza kuhitaji karatasi: Uingereza inawataka Watanzania, Wakenya na Waganda wawe na viza ya kupita hata kama hawatoki nje ya eneo la abiria, isipokuwa wenye misamaha maalumu, na Marekani haina kabisa eneo la kupita bila uhamiaji, kwa hiyo anayeunganisha ndege huko lazima awe na viza. Tiketi ya kupitia London inayokuokolea dola 80 si nafuu tena ukishalipia viza ambayo hukuipangia. Kisha kuna cheti cha homa ya manjano, ambacho Tanzania hukitaka pia kwa anayekuja akiwa amekaa saa 12 au zaidi kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo.

Tiketi ya kwenda na kurudi mara nyingi huzidi kidogo tu ya kwenda peke yake, hasa kwa mashirika makubwa, kwa hiyo ulizia zote mbili. Lakini usiikate ya kwenda na kurudi ukakusudia kutumia sehemu ya kurudi peke yake. Ukikosa kupanda ndege ya kwanza, mashirika mengi hufuta zote zilizobaki kwenye tiketi hiyo.

Viwanja vya jirani vinastahili kuangaliwa. Wakazi wa Arusha wanajua kwamba wakivuka Namanga kwa basi wanafika Nairobi, ambako mashirika ni mengi na ushindani ni mkubwa kuliko KIA. Walioko Ulaya waangalie Zanzibar na Mombasa pamoja na Dar es Salaam, kwa sababu ndege za watalii za moja kwa moja huishia huko, na kutoka Unguja kuna boti za mwendo wa kasi zinazofika Dar kwa muda wa saa mbili hivi. Ongeza nauli ya basi au boti, na usiku wa hoteli kama upo, ndipo ulinganishe.

Nikishapata ndege ninayoitaka, ninatoka kwenye tovuti ya kulinganisha na kwenda kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Tofauti ikiwa dola 10 au 15, nanunua kwa shirika bila kufikiri, kwani siku safari inapovurugika nitakuwa na mtu mmoja wa kumdai. Wakala wa mtandaoni aliyeko nchi nyingine anaweza kuwa halali kabisa, lakini shirika litakuambia urudi kwake, naye atakujibu kwa barua pepe baada ya siku kadhaa, akikata na ada yake juu ya faini ya shirika. Jamaa yangu mmoja alisubiri fedha zake kutoka kwa wakala wa namna hiyo hadi akakata tamaa ya kuuliza.

Mawakala wa mitaani na wa makundi ya WhatsApp nao wanaweza kukupatia bei nzuri, na wengi ni watu waaminifu, ila jifunze kusoma karatasi wanayokutumia. Herufi na tarakimu sita, ambazo wenyewe huziita PNR, zinaonyesha kwamba kiti kimewekwa kwa jina lako. Hazionyeshi kwamba kimelipiwa. Ukiziingiza kwenye tovuti ya shirika utaona safari yako yote, na wengi huridhika hapo, lakini nafasi isiyolipiwa hufutika yenyewe muda wake ukipita. Kinachothibitisha malipo ni namba ya tiketi yenye tarakimu 13, ambazo tatu za mwanzo ni namba ya shirika: 071 ni Ethiopian Airlines, 706 ni Kenya Airways, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar Airways, 235 ni Turkish Airlines. Kabla ya kumalizia kumlipa wakala, mwombe namba hiyo, na kama hana, bado hujanunua tiketi.

Katika kulipa, hakikisha benki yako imefungulia kadi yako manunuzi ya mtandaoni na kwamba kiwango cha siku kinatosha, maana muamala ukikataliwa unaweza kurudi ukakuta bei imepanda. Tovuti ikijitolea kukubadilishia dola kuwa shilingi, linganisha kiwango chake na cha benki yako kabla ya kukubali.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi: anayeitwa Hamisi nyumbani huku pasipoti ikisema Khamis anaweza kuzuiwa kaunta. Barua ya tiketi ikiingia, isome papo hapo, jina, tarehe na saa, kwa kukumbuka kwamba ndege iliyoandikwa 01:40 ya Jumanne kwenye tiketi, yaani saa saba na dakika arobaini usiku, ni ile unayoiendea uwanjani Jumatatu jioni. Ukiona kosa, lipigie simu shirika siku hiyo hiyo. Kwa tiketi za kwenda au kutoka Marekani zilizokatwa siku saba au zaidi kabla ya safari, sheria ya huko huwataka mashirika wakuruhusu ama kughairi bila faini ndani ya saa 24 baada ya kulipa, ama kushikiliwa bei kwa muda huo kabla ya kulipa. Kwa njia nyingine uliza masharti kabla ya kubofya kitufe cha malipo, kwa sababu nauli ya fungu la chini mara nyingi haibadilishwi kabisa.