Napenda taarabu, nimemficha mchumba wangu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Tanga. Napenda sana taarabu ya zamani, ile ya udi na fidla, maana bibi aliyenilea hakuwa akizima redio. Kuna mahali fidla zinaingia zote pamoja kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Zikifika hapo nasimamisha kazi. Usiku pia sikosi tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, nalala saa saba. Mafundi wenzangu walipozikuta nyimbo hizo kwenye simu wakanipa jina la kike, na mpaka leo ndilo wananiitia. Mchumba wangu alipoziona nilimwambia memori kadi ni ya dada yangu. Akacheka, akasema afadhali, mwanamume wa taarabu angemtia shaka. Harusi ni baada ya Idi. Je, niache mambo haya?*
*Msikilizaji wa Siri, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Usiache.

Barua yako imeniuma. Kijana yuko Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, halafu anasikiliza taarabu kwa kujificha!

Hao wanaokucheka wanaijua taarabu kuanzia rusha roho ya miaka ya 1990, kina mama wakirushiana mafumbo ukumbini, wakadhani ndiko ilikoanzia. Rudi nyuma zaidi. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na waliokiunda ni wanaume. Wakati huo mwanamke kuimba mbele za watu ndiko kulikoonekana ajabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisimama akaimba katikati ya wapiga ala wanaume, na mwaka 1928 wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Na aliyemwandikia wasifu ni nani? Shaaban Robert, mwanamume wa huko huko kwenu Tanga. Hakuona haya kumsifu mwimbaji wa taarabu, na hakuna aliyemwita jina la kike.

Kisha wakaja hao Black Star wa mjini kwenu, wakaingiza gitaa la umeme na besi, taarabu ikawa na mdundo mwingine kabisa. Ukimsikiliza marehemu Shakila Said, sauti yake imepanda juu, hebu tega sikio usikie gitaa linavyomfuata chini. Wewe unayesimamisha kazi fidla zinapoingia najua utalisikia. Nilipofika kwenye mstari ule wa barua yako niliusoma tena, kwa sababu nami huwa nanyamaza hapo hapo. Sikio la namna hiyo ni urithi wa bibi yako, mwanangu. Usilitupe kwa ajili ya maneno ya kijiweni.

Wenzako wakikuita kwa jina lile, usiitike, wala usigombane nao. Atakayekuhitaji atakuita kwa jina lako.

Kuhusu tamthilia, kufuatilia visa vya familia za watu hakumpunguzii mwanamume chochote. Ila kulala saa saba kisha asubuhi ukashika mashine ya kuchomelea, hapo nakukatalia. Moto ule na usingizi havikai pamoja. Tazama marudio siku za mapumziko.

Sasa nije kwenye kinachonitia wasiwasi, yaani ile kadi ya dada. Mkishaingia nyumba moja utasikilizia wapi? Chooni? Na dada yako umemwingiza bila kumuuliza. Siku wifi yake akimwomba wimbo mmoja katika hizo, atamjibu nini? Mchumba wako alisema neno lile akicheka, bila kujua kwamba anayemsema yuko mbele yake. Ulimnyima nafasi ya kulifikiria upya, na neno hilo sasa unalibeba peke yako kama hukumu.

Mwambie wiki hii, mkiwa wawili, wala usimtume mtu. Sema hivi: "Ile kadi ni yangu. Nilisema ya dada kwa sababu niliona haya." Kisha nyamaza, umwache aseme lake. Akikasirikia uongo ana haki, na kwa huo umwombe radhi. Kwa taarabu usiombe radhi hata kidogo. Akishatulia mwekee wimbo mmoja, ule bibi yako aliokuwa akiupenda kuliko yote, umsimulie alivyokuwa akiusikiliza. Usimwekee kumi. Akitaka wa pili ataomba mwenyewe.

Huenda akahitaji siku mbili tatu kuzoea, mpe. Lakini akishikilia kwamba mume asikilizaye taarabu hamtaki, basi mketi na wazee kabla mahari haijapokelewa, na mimi uniandikie tena mapema.

Mkielewana, muulize kama angependa kikundi cha taarabu asilia kwenye harusi yenu, hata kwa saa chache tu. Na ukiniandikia majibu yake, usisahau kunitajia wimbo uliomwekea.