Ulikuwa unashona saa ngapi?

Nkuhungu, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Huku hatujambo, mama yako anawasalimu nyote. Upepo umeanza, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa.

Umeniuliza, "Baba, ulikuwa unashona saa ngapi?" Umesema una kikapu cha nguo zilizochanika, kila Jumapili kinazidi kujaa, na nyumbani hukuwahi kuona kikapu cha namna hiyo. Hukukiona kwa sababu hakikuwepo, mama. Nilikuwa nashona kabla nguo haijaingia kwenye beseni.

Nilijifunza kwa bibi yako, kule Kongwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nguo zilikuwa adimu madukani, na mitumba haikuwa imetapakaa kama leo. Nilikuwa na shati moja la shule. Siku ya kufua, bibi alinyanyua kila nguo juani na kuitazama. Palipopitisha mwanga ndipo alipotia kiraka, hakungoja tundu. Alisema mshono uliofumuka upana wa ukucha, ukishafikichwa na sabuni, hutoka majini umefumuka kiganja kizima. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, hasa kwenye makwapa.

Kwa hiyo unapokusanya nguo chafu, zipitishe mikononi: makwapa, pindo, magoti, pembe za mifuko. Kifungo kinachoning'inia kishone hapo hapo. Unazikumbuka sindano zangu mbili zilizochomekwa kwenye kalenda ukutani, moja na uzi mweusi, nyingine mweupe? Hazikukaa bila uzi. Mtu aliyechoka akifikiria kutafuta sindano, kisha uzi, kisha mwanga wa kutungia, huahirisha.

Suruali ya mumeo inayoliwa mapajani inahitaji subira zaidi. Chukua kitambaa cha nguo kuukuu kilichofuliwa sana, maana kipya kitarudi kwenye maji na kuikunja suruali. Kikate mviringo, kona kali ndizo huanza kubanduka. Kiweke kwa ndani, kiwe kipana kupita pale palipochakaa, mpaka mshono wako ufike kwenye kitambaa chenye nguvu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanashonea pembezoni mwa tundu, kwenye nyuzi zilizokwisha choka, na baada ya wiki mbili pamechanika kando ya kiraka. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, mwambie aivae na achuchumae, ndipo ushone kwa mishono midogo bila kuvuta uzi.

Shuka lililochakaa katikati lipasue kwa urefu, uunganishe zile kingo za kando ziwe katikati, kisha ukunje pindo upya. Wewe na kaka zako mmelala miaka kwenye mashuka ya namna hiyo. Zipu mpelekee fundi.

Wapo walioshangaa mwanamume kushika sindano. Sikuwaelewa hata siku moja. Nenda Majengo uone ni wanaume wangapi wamekaa nyuma ya cherehani. Mama yako alikuwa akiondoka alfajiri, nami nilikuwa na watoto watatu wa kupeleka shule wakiwa nadhifu.

Kikapu chako usikimalize kwa siku moja. Toa sare kwanza. Zilizowabana watoto usizishone. Zilizo nzima wape wenzao wadogo, zilizobaki zikate viraka. Na mjukuu wangu mkubwa ana miaka tisa, mpe vifungo. Akishona vibaya, mwache avae hivyo hivyo, atarudia mwenyewe.

Ila sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko msiliguse. Njooni nalo Desemba. Nyuzi za kijani ninazo, nilizifumua kwenye sweta lako la shule, na ningependa kukaa naye barazani asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulifume pamoja.

Wako,
Baba