Weusi kwenye filamu za noir walikuwepo, ila tazama walipowekwa

Mkuu umesema noir za zamani, zile filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 40 na 50 zenye giza na vivuli, hazina watu weusi kabisa, hapana bana, wapo ila wengi ni mabawabu wa treni, wasafisha viatu na mahausigeli, wanasema mstari mmoja wanapotea. Cheki Out of the Past ya 1947, Robert Mitchum anaingia klabu ya weusi kumuulizia mwanamke aliyetoroka, pale mezani kakaa Theresa Harris, kapendeza na kofia yake, anajibu kwa mkato tu bila kunyenyekea, sini ya dakika chache lakini tamu kinoma, alafu jina lake hata kwenye orodha ya waigizaji hawakuliweka!!

Ukitaka mweusi aliyepewa nafasi nzito anza na No Way Out (1950), Sidney Poitier ni daktari, mgonjwa wake mbaguzi balaa. Ila kwangu mimi kiboko ni Odds Against Tomorrow ya 1959, Harry Belafonte aliitoa kwa kampuni yake mwenyewe, na humo yeye ni mwanamuziki mwenye madeni ya kamari, anaingia dili la kuiba benki na mzungu asiyetaka hata kumuona, na dili linaharibika kwa chuki hiyo hiyo. Mwisho wake sisemi, kacheki mwenyewe