Kwa anayeanza ufundi saa wakati huu

Ukiingia kwenye ufundi saa utaambiwa umechelewa, kwamba siku hizi watu huangalia saa kwenye simu. Wasikusumbue. Kazi hii ilianza kutabiriwa kifo Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilipoingiza sokoni saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, yaani saa ya betri inayoongozwa na kipande cha jiwe kinachotetemeka. Katika saa nyingi za betri, kipande hicho cha kwatzi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya kutia ufunguo hupiga mara tano hadi nane tu. Kwa usahihi, tulishashindwa zamani.

Kilichotuumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni saa kuundwa zisifunguliwe. Saa ya Uswisi iitwayo Swatch, ya 1983, ilikuwa na vipande 51 tu, na mashine yake ilijengwa ndani ya kasha lenyewe la plastiki. Ukiacha sehemu ya betri, fundi hana pa kuingilia.

Hata hivyo, anza na saa ya ufunguo, ingawa haitakulisha mapema. Humo ndimo mkono unamotulia: kushika skrubu kwa kibano bila kuirusha, kuweka mafuta kidogo kiasi kwamba bila lenzi huyaoni. Yakizidi hutambaa na kuacha penye msuguano pakiwa pakavu. Mkono huohuo utauhitaji kwenye saa ya betri, maana waya wa koili yake ni mwembamba kuliko unywele. Bisibisi ikiteleza, umeikata.

Usidharau kubadilisha betri. Kagua kama ya zamani imevuja, kisha tazama mpira wa mfuniko. Ukirudisha uliokauka, maji yakiingia utalaumiwa wewe. Mashine ya kwatzi ikifa, mara nyingi kuweka nyingine nzima ni nafuu kuliko kuitengeneza. Wapo mafundi wa zamani wanaoona hiyo ni aibu. Mimi sioni, mradi mteja aambiwe.

Na hiyo simu nayo inatuletea kazi. Sumaku za spika na za vifuniko vyake hufanya mizunguko ya springi ndogo ya saa ya ufunguo ishikane, saa ikaanza kukimbia ovyo. Mwenyewe atakuja akiamini imeharibika kabisa. Kabla hujafungua chochote, isogeze karibu na dira. Sindano ikicheza, ipitishe kwenye kifaa cha kutoa sumaku. Ni kazi ya sekunde chache, na atauliza kwa nini alipe. Mwonyeshe ile sindano kabla na baada, halafu taja bei yako.